Hesabu ya Mashuka

Mlango wa kabati bovu ndio ubao wetu.
Dzidra aliusimamisha Jumatatu moja ya Machi,
theluji ingali imeziba nusu ya madirisha ya udobi,
akanitia chaki mkononi:
"Rasma, wewe huna haraka. Andika."

Nikaandika sitini na moja.
Mashuka sitini na moja kila wiki
hospitali ya Liepāja ilikuwa ikiturudishia:
hili lina doa, hili limekauka kama ganda la mkate,
na hili muuguzi wa wodi ya wazazi
amelifunga fundo, kwa hasira.

"Tunataka yarudi mangapi?" akauliza Dzidra.
Mtu wa pasi akasema sifuri. Tukacheka.
Mtu wa kikaushio akasema hamsini. Tukaguna.
Tulibishana hadi chai ikapoa,
tukakubaliana, wote kumi na mmoja:
ishirini, kabla ya usiku wa mioto ya Juni.
Si "tujitahidi." Si "usafi kwanza,"
maneno aliyobandika meneja juu ya sinki
tangu sinki lenyewe likiwa jipya.
Ishirini. Namba ina meno,
neno tamu lina ufizi tu.

Kila Ijumaa nilihesabu,
nikafuta kwa kiwiko, nikaandika upya.
Hamsini na nane.
Hamsini na tatu.
Hamsini na tano (siku hiyo hakuna aliyenitazama).
Arobaini.
Thelathini na moja, na mtu wa pasi
akaanza kupiga mluzi akifanya kazi.
Mwisho wa Mei: kumi na tisa!
Dzidra akaleta keki ya tufaha
tukaila kwa mikono yenye harufu ya sabuni.

Kesho yake nilikwenda nyuma ya boila kutafuta ufagio,
nikakuta gunia.
Ndani yake mashuka kumi na manne,
yamekunjwa taratibu, kwa adabu,
vile mtu anavyokunja nguo za marehemu.

Vilnis wa mashine ya tatu,
kijana wa miaka ishirini na miwili,
hakukana. Masikio tu ndiyo yaliiva.
"Sikutaka niwe mimi," alisema,
"wa kuwaangusha."
Hayo yalikuwa ya wiki ile.
Ya wiki za nyuma sikuuliza,
naye hakusema.

Jumatatu nilifuta kumi na tisa
nikaandika thelathini na tatu.
Kimya. Keki ya watu bado iko tumboni.

Nilingoja Dzidra afoke.
Akayatandaza yale mashuka sakafuni, moja moja,
akapiga magoti katikati yake.
Mficha doa, doa humuumbua;
lakini doa lile lilikuwa na la kusema zaidi:
kila shuka, alama ileile ya kahawia,
nyembamba, imepinda kama ukucha.
Akainuka, akazima mashine ya tatu,
akaingiza mkono ndani ya pipa lake, akapapasa,
akautoa na tone la damu kidoleni.
Skrubu moja. Imeliwa na kutu.

Kumbe kijana alidhani anaficha kosa,
na gunia zima lilikuwa jibu.

Skrubu mpya ilitugharimu senti themanini.

Usiku wa mioto ulipofika, tulikuwa na ishirini na nne.
Hatukufika. Meneja, mtu mwema,
akaninong'oneza niandike "karibu ishirini."
Nikamwambia chaki haijui kuandika karibu.
Tulikula jibini la bizari hata hivyo,
tumekaa juu ya vikapu vilivyopinduliwa,
tukibishana tena: ishirini hadi lini,
na je, tuhesabu kwa kila mia,
maana wodi ya watoto inafungwa Julai
na mashuka yatapungua bila jasho letu?

Katikati ya mabishano Vilnis akaniomba chaki.
Mkono ulimtetemeka.
Ile mbili ilikaa vizuri,
ila nne ikaegemea upande, kama kiti kibovu.
Tukaiacha hivyo hadi Ijumaa.